Don Dunstan, Waziri Kiongozi wa Australia Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Mambo ya kuanzia

Don Dunstan alikuwa nani?

Donald Allan Dunstan (1926–1999) alikuwa mwanasiasa wa chama cha Labor aliyeongoza serikali ya Australia Kusini kwa vipindi viwili: kwanza Juni 1967 hadi Aprili 1968, kisha Juni 1970 hadi Februari 1979. Ukijumlisha ni karibu miaka kumi.

Alipoingia siasani, Adelaide, makao makuu ya jimbo hilo, ilijulikana kwa wingi wa makanisa na kwa baa zilizofungwa saa kumi na mbili jioni. Alipoondoka, Australia Kusini ilikuwa imetangulia majimbo mengine yote katika sheria za ubaguzi wa rangi, haki za wanawake, mapenzi ya jinsia moja na hata chupa tupu za soda. Si yote aliyoyafanya peke yake, na mengine hayakufaulu. Ila atakayetaka kujua mkuu wa serikali ya jimbo, asiye na jeshi wala sarafu yake, anaweza kufika wapi kwa kutumia bunge tu, amchunguze huyu.

"Waziri Kiongozi" ni cheo gani? Si ndiye gavana?

Siye. Australia ni shirikisho la majimbo sita na maeneo kadhaa, na kila jimbo lina bunge, polisi na mahakama zake. Mkuu wa serikali ya jimbo hapigiwi kura na wananchi wote. Anakuwa yeye kwa sababu chama chake kina wabunge wengi katika baraza la chini la bunge la jimbo. Siku wabunge hao wakimkataa, anaondoka hata kama uchaguzi uko mbali.

Hapa tunatumia "Waziri Kiongozi" kwa sababu Zanzibar ilikuwa na cheo cha jina hilo hadi 2010, nacho kilikuwa cha kuendesha serikali ndani ya muungano. Vyeo hivi viwili havilingani kwa kila jambo, lakini hakuna neno la Kiswahili lililo karibu zaidi. Gavana wa jimbo la Australia ni mwakilishi wa mfalme au malkia, na huteuliwa kwa ushauri wa Waziri Kiongozi. Msomaji wa Kenya asimchanganye na gavana wa kaunti, ambaye huomba kura na kushika bajeti.

Neno jingine la kuwekana sawa: "jimbo" humu ni lile kubwa, Australia Kusini. Sehemu inayochagua mbunge mmoja tunaiita "eneo la uchaguzi".

Alizaliwa wapi, na alifikaje bungeni?

Alizaliwa Suva, Fiji, tarehe 21 Septemba 1926, kwa wazazi Waaustralia. Fiji ilikuwa koloni la Mwingereza, na mtoto wa Kizungu alifunzwa mapema nani acheze naye na nani asimkaribie. Mwenyewe alikuja kusema mara nyingi kwamba chuki yake dhidi ya ubaguzi ilianzia huko. Sehemu ya utoto aliishi na ndugu Murray Bridge, mji mdogo kando ya mto Murray. Akasoma St Peter's College, shule ya matajiri wa Adelaide, kisha sheria katika Chuo Kikuu cha Adelaide. Alirudi Fiji kufanya uwakili, na mwaka 1951 akahamia Adelaide moja kwa moja.

Akaweka makazi Norwood, mtaa wa mashariki mwa jiji uliokuwa ukijaa wahamiaji wa Kiitaliano na Kigiriki. Mwaka 1953 alishinda kiti cha Norwood, na alikishika bila kukatika hadi alipojiuzulu 1979.

Ni kesi gani iliyomtangaza mapema?

Kesi ya Rupert Max Stuart, Mwaborijini (mwenyeji wa asili wa Australia) wa jamii ya Waarrernte, aliyehukumiwa kifo kwa mauaji ya msichana mdogo huko Ceduna mwaka 1958. Ushahidi mkubwa dhidi yake ulikuwa maelezo ya kukiri yaliyoandikwa kituoni kwa Kiingereza kilichonyooka, ilhali Stuart hakuwa amesoma na lugha yake ya kwanza haikuwa Kiingereza. Wataalamu wa lugha walitilia shaka kwamba maneno yale yalitoka kinywani mwake.

Dunstan aliisukuma hoja hiyo bungeni bila kuchoka. Serikali ya Thomas Playford, Waziri Kiongozi wa wakati huo, ikalazimika kuunda tume ya uchunguzi, na hukumu ya kifo ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Tume yenyewe haikufuta hatia. Stuart alitoka gerezani 1973, na miaka mingi baadaye akawa mwenyekiti wa Baraza la Ardhi la Kati, chombo cha Waaborijini wa Australia ya kati.

## Kura, viti na hesabu yake

Ilikuwaje apate kura nyingi mwaka 1968 na bado apoteze serikali?

Tangu 1936 ramani ya uchaguzi iligawa baraza la chini katika viti 39: 26 vya mashambani na 13 vya Adelaide. Wakati huohuo Adelaide ilikuwa na takriban theluthi mbili ya watu wote. Piga hesabu mwenyewe. Theluthi mbili ya watu wamegawana viti 13, theluthi moja wamegawana 26. Kwa wastani, mpiga kura mmoja wa shambani alikuwa na uzito wa karibu wanne wa mjini. Kwa ramani hiyo Playford alitawala tangu 1938 hadi 1965, na watu wakaibatiza ramani kwa jina lake.

Katika uchaguzi wa tarehe 2 Machi 1968, Labor chini ya Dunstan ilipata karibu asilimia 52 ya kura. Wapinzani wao, chama cha Liberal and Country League chini ya Steele Hall, walipata karibu 44. Viti vikatoka 19 kwa 19. Kiti cha thelathini na tisa kilikuwa cha mbunge huru, Tom Stott, naye akawaunga mkono wapinzani.

Dunstan hakuachia ngazi siku ile ile. Kisheria Waziri Kiongozi ana haki ya kusubiri bunge likutane ndipo baraza lenyewe limkatae. Aliitumia haki hiyo kwa wiki sita hivi, na katika wiki hizo maelfu ya watu waliandamana Adelaide kupinga ramani. Bunge lilipokutana, Stott alipiga kura alivyoahidi, na tarehe 17 Aprili Hall akaapishwa. Ule muda wa kusubiri haukuokoa serikali, bali ulifanya nchi nzima iione aibu ya ramani ile.

Basi nani aliibadilisha ramani? Dunstan?

Hapana, na hapa haki itendeke: ni Steele Hall, aliyefaidika nayo. Aliona kwamba kutawala kwa asilimia 44 hakuwezi kutetewa, akapitisha mageuzi yaliyoongeza viti hadi 47, ambapo 28 vilikuwa vya mjini. Alijua wazi kwamba anajichimbia kaburi la kisiasa.

Stott alimwacha mkono 1970 kwa sababu ya mabishano ya bwawa: je, lijengwe Chowilla, ndani ya Australia Kusini, au Dartmouth, jimboni Victoria? Serikali ikaanguka, uchaguzi ukafanyika Mei 30, na Labor ikachukua viti 27 kati ya 47.

Baada ya hapo kila kura ikawa na uzito sawa?

Bado. Ramani ya Hall ilipunguza pengo, haikuliziba. Usawa ulikuja na sheria ya 1975 iliyokabidhi uchoraji wa mipaka kwa tume huru, na kutaka idadi ya wapiga kura katika kila eneo isizidi wala kupungua wastani kwa zaidi ya asilimia 10.

Baraza la juu lilikuwa na tatizo baya zaidi. Hadi 1973 aliyelipigia kura ni mwenye mali au sifa nyingine chache, na kati ya wajumbe 20 Labor kwa kawaida ilikuwa na 4. Kila mswada wa Dunstan ulipaswa kupita kwenye mlango huo. Ndiyo maana ukisoma historia yake utaona miswada inarudi bungeni mara mbili, mara tatu: imekataliwa juu, inarudi chini, inapunguzwa makali, inapandishwa tena. Mwaka 1973 watu wazima wote walipata haki ya kulipigia kura, na viti vikaanza kugawanywa kwa uwiano wa kura za jimbo zima.

Alishinda chaguzi ngapi akiwa kiongozi?

Nne: 1970, 1973, 1975 na 1977. Ule wa 1975 ulikuwa wa roho mkononi. Labor ilipata viti 23 tu kati ya 47, na ilisalia madarakani kwa msaada wa Ted Connelly, mbunge huru aliyekuwa na asili ya Labor, ambaye alifanywa Spika.

## Sheria na mageuzi

Ni sheria zipi hasa zinazohusishwa naye?

Nyingine ni za kabla hajawa Waziri Kiongozi, na hili husahaulika. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa serikali ya Frank Walsh, Waziri Kiongozi aliyemtangulia, kuanzia 1965, na mwaka 1966 ilipita sheria ya kwanza Australia ya kukataza ubaguzi wa rangi katika huduma, ajira na maeneo ya umma, pamoja na ile iliyounda dhamana ya ardhi ya Waaborijini, yaani chombo cha kushika ardhi kwa niaba yao, nayo ya kwanza nchini. Ni katika kipindi hichohicho, 1965, Roma Mitchell alipoteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya jimbo, mwanamke wa kwanza Australia kufikia hapo. Mwaka 1967 baa zikaruhusiwa kuuza pombe hadi saa nne usiku, baada ya nusu karne ya kufunga saa kumi na mbili.

Katika kipindi kirefu cha pili: umri wa kupiga kura ukashushwa hadi miaka 18, ofisi ya kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali ikaanzishwa, sheria za kumlinda mnunuzi zikatungwa, ubaguzi wa kijinsia ukapigwa marufuku 1975. Mwaka 1976 adhabu ya kifo ikafutwa, na mwaka huohuo mume akaweza kushtakiwa kwa kumbaka mkewe. Kuhusu chupa na kuhusu mapenzi ya jinsia moja, tazama maswali mawili yanayofuata.

Sheria ya chupa inafanyaje kazi?

Ilipitishwa 1975 ikaanza kutumika 1977. Bei ya kinywaji inabeba ndani yake amana ndogo: ilikuwa senti 5, na tangu 2008 ni senti 10. Ukimaliza kunywa, unapeleka chombo kitupu kituoni. Mhudumu anahesabu, anatenganisha kopo, plastiki na kioo, kisha unalipwa papo hapo. Gharama hurudi kwa wenye viwanda, si kwa mlipa kodi.

Angalia maandishi madogo kwenye lebo yanayotaja senti 10. Lebo ikibanduka, au chombo kikiwa hakina alama, kituo hukikataa. Chupa za kioo za mvinyo hazikuwekwa katika mpango huu, kwa kuwa ulilenga bia na soda, vyombo vilivyokuwa vikitupwa barabarani na ufukweni. Shule na vikundi vya vijana hukusanya vyombo hivi kuchangisha fedha, na mtu asiye na kazi hupata chochote kwa kuokota.

Kasoro ilitokea baadaye, wakati Dunstan ameshaondoka. Jimbo liliweka amana ya senti 15 kwa chupa za bia zisizojazwa tena na senti 4 kwa zinazojazwa tena. Waliotumia chupa zisizojazwa tena walikuwa hasa wenye viwanda wa nje ya jimbo. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Australia ilitengua tofauti hiyo, kwa kuwa katiba inataka biashara kati ya majimbo iwe huru. Amana yenyewe ilibaki. Majimbo mengine yalichelewa mno: New South Wales 2017, Victoria 2023.

Kwa nini kifo cha George Duncan kinatajwa kila mara?

Duncan alikuwa mhadhiri wa sheria. Usiku wa tarehe 10 Mei 1972 alitupwa katika mto Torrens, mahali palipokuwa pakikutaniwa na wanaume, akafa maji. Shuku iliwaangukia polisi. Hakuna aliyetiwa hatiani kwa kifo chake, lakini jiji halikuweza tena kujifanya halijui kwamba sheria iliyofanya mapenzi ya wanaume wenyewe kwa wenyewe kuwa kosa iliwaweka watu katika hatari gani.

Mswada wa kwanza, mwaka huohuo, haukutoka kwa Labor. Uliletwa na Murray Hill, mjumbe wa Liberal katika baraza la juu, na ukapita ukiwa umekatwakatwa: faragha ikawa utetezi mahakamani tu, kosa likabaki kosa. Peter Duncan wa Labor (hana undugu na marehemu) alijaribu tena 1973 akashindwa, na 1975 akafaulu. Australia Kusini ikawa jimbo la kwanza nchini kuondoa kosa hilo.

Alifanya nini kuhusu Waaborijini zaidi ya sheria za 1966?

Mwaka 1976 alipendekeza Sir Douglas Nicholls awe gavana. Nicholls, wa jamii ya Wayorta Yorta, alikuwa mchungaji na zamani mchezaji maarufu wa kandanda ya Kiaustralia. Hakuna Mwaborijini aliyewahi kushika ugavana wa jimbo lolote kabla yake. Aliapishwa Desemba 1976, akajiuzulu Aprili 1977 kwa ugonjwa.

Mswada wa ardhi ya Wapitjantjatjara ulipelekwa bungeni 1978, lakini Dunstan aliondoka haujapita. Uliokamilika ni wa 1981, chini ya David Tonkin wa Liberal. Anayeandika kwamba "Dunstan aliwapa Wapitjantjatjara ardhi yao" ameruka miaka miwili ya mazungumzo, yakiwemo ya wazee wa Kipitjantjatjara wenyewe waliosafiri hadi Adelaide kudai haki yao.

Je, ndiye aliyeua sera ya "Australia ya Weupe"?

Sera hiyo iliwazuia wasio Wazungu kuhamia Australia, naye alikuwa mmoja wa waliokishinikiza chama cha Labor kuifuta katika ilani yake mwaka 1965. Uhamiaji wenyewe ni kazi ya serikali ya shirikisho, si ya jimbo, hivyo kuiondoa nchini kabisa hakukuwa mikononi mwake.

## Hadithi na utata

Kweli alikwenda bungeni na kaptura ya waridi?

Kweli, tarehe 22 Novemba 1972, pamoja na soksi ndefu nyeupe. Lilikuwa joto, na aliona suti ya sufu ni ya hali ya hewa ya watu wengine. Picha hiyo imechapishwa kupita hotuba yake yoyote.

Na hadithi ya wimbi kubwa?

Mwanzoni mwa 1976 mpaka-rangi mmoja aliyejiita mtabiri alisema Adelaide itapigwa na tetemeko na wimbi adhuhuri ya tarehe 19 Januari. Watu wakaingiwa na hofu ya kweli, wengine wakahama. Dunstan alitangaza kwamba siku hiyo atakuwa ufukweni Glenelg, na akaenda, akasimama mbele ya umati hadi saa ikapita. Bahari ilitulia.

Monarto ni nini?

Ni mji ambao haukujengwa. Serikali yake ilipanga kuanzisha mji mpya karibu na Murray Bridge ili kupunguza msongamano wa Adelaide. Ardhi ikanunuliwa, miti ikapandwa. Lakini makadirio ya ongezeko la watu yaliyotegemewa hayakutimia, fedha za shirikisho zikakauka, na watumishi wa umma hawakutaka kuhamishiwa huko. Mpango ukafa. Leo sehemu ya eneo hilo ni hifadhi ya wanyama yenye simba, twiga na vifaru. Kati ya makosa yake ya mipango, hili ndilo lililokula fedha bila kuacha hata nyumba.

Kwa nini alimfukuza mkuu wa polisi?

Harold Salisbury alisimamia polisi wa jimbo, na chini yake kilikuwepo kitengo cha siri kilichoweka majalada ya maelfu ya watu: wanasiasa, wanachama wa vyama vya wafanyakazi, wapinga vita, watu waliodhaniwa kupenda jinsia yao. Jaji White alipoyachunguza, alikuta mengi hayahusiani na usalama. Ikabainika pia kwamba Salisbury aliipa serikali majibu ya kupotosha, na serikali ikayasema bungeni kama ukweli.

Alitakiwa ajiuzulu, akakataa, akafukuzwa Januari 1978. Hoja ya Salisbury ilikuwa kwamba uaminifu wake ni kwa malkia, si kwa mawaziri. Kelele zilikuwa kubwa, ikaundwa tume chini ya Jaji Roma Mitchell, nayo ikaona serikali ilikuwa na haki. Hata hivyo Dunstan hakupona kisiasa baada ya hapo. Waliompenda waliendelea, ila utulivu wa serikali yake uliisha.

## Kuondoka na baada yake

Kwa nini alijiuzulu ghafla?

Mke wake wa pili, Adele Koh, mwandishi wa habari kutoka Malaysia, alifariki kwa saratani Oktoba 1978, miaka miwili tu baada ya ndoa. Juu ya msiba huo kulikuwa na mabishano kuhusu uchimbaji wa urani na mashambulizi ya magazeti, na mwili ukagoma. Tarehe 15 Februari 1979 alitangaza kujiuzulu akiwa hospitalini Adelaide, mbele ya kamera, amevaa nguo za kulalia, amekonda, mkono unatetemeka. Naibu wake Des Corcoran akashika, akaitisha uchaguzi kabla ya wakati wake, Septemba mwaka huo, akashindwa na Tonkin.

Alifanya nini baadaye?

Aliandika kumbukumbu za maisha yake, akaongoza shirika la utalii la jimbo la Victoria katika miaka ya 1980, akarudi Norwood. Mapishi yalikuwa mapenzi yake ya kweli. Akiwa bado madarakani, mwaka 1976, alitoa kitabu cha mapishi chenye vyakula vya Asia na Mediterania, katika jimbo ambalo kitunguu saumu bado kilitiliwa shaka mezani. Mwaka 1994 alifungua mgahawa na mwenza wake, Stephen Cheng. Alifariki kwa saratani tarehe 6 Februari 1999.

Ni makosa gani hujirudia katika maandishi kumhusu?

Kwanza, kuunganisha vipindi viwili kana kwamba ni kimoja na kumfuta Hall katikati. Pili, kumpa kila jengo: Kituo cha Tamasha cha Adelaide kilifunguliwa 1973 wakati wake, lakini mradi ulikuwa umeanza chini ya Hall. Tatu, kuandika "wa kwanza duniani" pale panapostahili "wa kwanza Australia". Hakikisha mwaka wa kupitishwa na mwaka wa kuanza kutumika, maana kwa sheria kama ya chupa hutofautiana.

Jina lake liko wapi leo?

Ukumbi mmoja wa maigizo ndani ya Kituo cha Tamasha unaitwa Dunstan. Na eneo la uchaguzi la Norwood lilibadilishwa jina kuwa Dunstan kuanzia uchaguzi wa 2014. Mbunge wake wa kwanza kwa jina hilo alikuwa Steven Marshall wa Liberal, aliyekuwa Waziri Kiongozi 2018 hadi 2022. Labor ilikitwaa kiti hicho katika uchaguzi mdogo wa 2024.